Pasipoti ya Báinín

Kabla jeneza halijafunikwa, mdogo wangu Colman alipita katikati ya wanawake waliokuwa wakisali rozari, akaweka kiganja juu ya kifua cha baba, upande wa kushoto, akapapasa kidogo, akasema, "Ipo." Kisha akarudi kusimama ukutani. Wanawake wakaangua kilio upya. Walidhani anaisema roho ya baba, au imani yake, kila mmoja alichagua lake la kulilia. Mimi nilimfuata, nikamshika mkono, nikamwambia, "Ndiyo, Colman, ipo," maana msibani watu hawabishani. Hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho kwa siku nyingi.

Baba alilala pale ndani ya koti lake jeusi la maonyesho, lile alilolivaa kila Agosti alipompeleka farasi wake mjini Clifden kushindanishwa na farasi wa wenzake. Sabina ndiye aliyemvalisha. Sabina ni jirani yetu, mjane mwenye mikono ya upole na ulimi usio na breki, na huko kwetu Connemara hakuna maiti anayezikwa kabla hajapita mikononi mwake. Alilipiga koti brashi, akafunga vifungo, akamviringishia baba rozari vidoleni. Nilipoinama kumnyoosha kola alinipiga kikofi cha mkono. "Nimeshamaliza," alisema. "Marehemu akishavalishwa haguswi tena. Kola yake ni yake, mifuko yake ni yake." Nikarudi nyuma kama mtoto. Nina miaka arobaini na moja, lakini kwa Sabina mimi bado ni yule Bairbre wa kamasi.

Nilikuwa nimekuja kuzika na kuondoka. Maisha yangu yalikuwa ng'ambo, Bangor ya Wales, kwenye nyumba ya kulelea wazee nilikofanya kazi miaka kumi na minne, na ruhusa yangu ilikuwa na mwisho wake. Lakini baba alipoondoka alimwacha Colman. Mama alishatangulia zamani. Colman ana miaka thelathini na minne, mwili wake mzima na nguvu zake kamili, ila ulimwengu anaupokea kwa utaratibu wake mwenyewe. Chai inywewe katika kikombe kile kile. Neno likitoka mdomoni mwa mtu ni neno, halina utani wala mafumbo ndani yake. Ukimwambia "nakuja sasa hivi" na usije, atasimama mlangoni akikungoja hadi giza.

Mwanamke wa ofisi ya ustawi alikuja siku ya tatu baada ya maziko. Alikunywa chai yetu, akaukataa mkate wa magadi, akasema kuna nafasi katika makao fulani mjini Galway, mahali pazuri, pana bustani. Kama hakuna ndugu wa kukaa na Colman, basi nafasi hiyo ni yake, na haiwezi kushikwa muda mrefu kwa kuwa kuna wengine wanaoingoja. Nayajua makao ya namna ile. Nafanya kazi ndani ya mojawapo. Nawajua watu wanaoingia wakiwa na majina na baada ya mwaka wanaitwa kwa namba ya chumba. Nikamwambia Colman anakwenda na mimi Wales. Nililisema haraka, kabla sijalifikiria, na mara tu baada ya kulisema nikaogopa.

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," Sabina alinipongeza jioni ile.

"Ng'ombe hajawahi kuulizwa," nilimjibu.

Colman alichukua kiti cha jikoni, akakiweka mbele ya mlango wa zizi, akakaa. Alikaa mchana na usiku, blanketi mabegani, mvua ikimpiga magotini. Chakula alikula kijiko kimoja kwa kulazimishwa. Ndani ya zizi mlikuwa na Báinín, farasi jike wa baba, mfupi na mpana kama farasi wote wa kwetu, mweupe wa kuelekea kijivu, mwenye macho ya kukuhukumu. Mtu yeyote akikaribia na kamba, Colman alisimama katikati ya mlango na kutandaza mikono. Hata mimi. Hata Sabina, aliyemlea.

Nilielewa, au nilijiambia nimeelewa. Haondoki bila farasi.

Acha niseme ukweli: nilimchukia farasi yule. Baba hakuwahi kuvuka kuja kuniona Bangor, hata mara moja. Niliolewa, nikaachika, nikalazwa hospitali, na kila nilipompigia simu jibu lilikuwa moja. "Ningekuja, binti yangu, lakini nani atamwangalia Báinín?" Barua zake zilijaa Báinín. Báinín amepata utepe wa pili. Báinín ameumia kwato. Nilikuwa nazisoma nikiwa nimesimama, koti mwilini, nikichelewa zamu, na nikifika mwisho wake hakuna mahali aliponiuliza habari zangu. Sasa baba amekufa na bado mnyama yule ndiye anayeamua nani aende wapi.

Hata hivyo nikatafuta. Mkulima mmoja jirani na Bangor alikubali kunipa kona ya zizi lake. Tela la kubebea farasi niliazima. Nafasi kwenye meli ya kutoka Dublin niliikata. Miaka ile, kabla Uingereza haijajitoa katika umoja, hukuhitaji mengi kumvusha farasi: ulihitaji pasipoti yake tu. Kila farasi anayo, kitabu chembamba chenye jina lake, uzazi wake, na mchoro wa mwili wake uliowekwa alama kila palipo na doa au mzunguko wa nywele. Na sheria yake ni kali kuliko yetu binadamu. Farasi asipakiwe kwenye tela, asivushwe hata kata ya pili, bila kitabu hicho kuwa pamoja naye safarini.

Kitabu hakikuwepo.

Nilikitafuta ndani ya kopo la biskuti ambamo baba aliweka kila kitu. Nikatafuta nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu, chini ya godoro, ndani ya saa ya ukutani, kwenye pipa la shayiri. Niling'oa ubao wa sakafu uliokuwa ukicheza. Nilipiga simu kwenye chama cha farasi, na msichana mwenye sauti tamu akaniambia inawezekana kutoa nakala mpya, hakuna shida kabisa: nipeleke maombi, cheti cha kifo, daktari wa mifugo aje kumkagua upya na kuchora upya, kisha ningoje wiki nane au zaidi kidogo. Nilikuwa na siku tano. Mkuu wangu Bangor alikuwa ameshaniambia, kwa upole unaotisha, kwamba Jumatatu nisipoonekana zamu yangu atapewa mwingine.

Nilimwuliza Colman, tena na tena. "Pasi ya Báinín iko wapi? Baba aliiweka wapi?" Alinitazama, akautazama mlango wa zizi, akafumba mdomo kwa nguvu hadi midomo ikawa myeupe. Nilidhani ni huzuni. Kuna siku nilimpigia kelele. Niliinama nikamshika mabega, nikamtikisa, nikamwambia kama hasemi nitamwacha aende kwenye bustani yao Galway. Hakutikisika. Machozi yalimtoka bila sauti, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba.

Ni Sabina aliyeifikiria njia ya pili. Alikuwa amekaa jikoni na kopo la biskuti magotini, akipekua kwa mara ya kumi, akatoa kitabu kilichochakaa pembe.

"Hii je?"

"Hiyo ya Sióg. Mama yake Báinín. Alikufa mwaka juzi."

"Najua alikufa, nilimlilia. Lakini pasi yake hii hapa hai."

"Ilitakiwa kurudishwa ofisini alipokufa."

"Nani kwetu anarudisha?" Sabina alipuliza vumbi. "Mimi ninazo za punda wawili na farasi wa mume wangu. Mtu unarudishaje kitu kama hicho? Ni kama kurudisha picha." Alikifungua, akakishika mbali na macho. "Jike. Mweupe. Mzunguko wa nywele kipajini. Sasa Báinín ni rangi gani, zambarau?"

"Sabina, huyu kazaliwa miaka ishirini na sita iliyopita."

"Na mimi nimezaliwa lini? Kuna mtu amenizuia kupanda basi?"

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu nije, na kicheko kiligeuka kilio kabla hakijaisha. Sabina alikifunga kitabu, akakisukuma mezani mpaka kikanigusa mkono. Pasi ya Sióg ilikuwa ya zamani, ya kabla ya sheria ya kumtia farasi chipu ya namba shingoni. Haikuwa na namba ya kulinganisha na kitu chochote. Nilijiambia maneno hayo mara nyingi. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilikuwa nimeshika unyasi wangu.

Tuliondoka asubuhi ya Jumamosi. Nilitazamia vita vya kumpakia Báinín, na vita vilikuwepo, lakini si vya farasi. Alipanda tela kwa hiari kama anayekwenda Clifden. Colman ndiye aliyeshika mlango wa tela na kukataa kuuachia.

"Colman, nisikilize," nilimwambia. "Tunakwenda wote watatu. Wewe, mimi na Báinín. Pamoja. Hakuna anayebaki wala anayetolewa njiani."

Alinitazama akipima. Kisha akaingia garini, akakaa upande akiwa ameshika kitasa cha mlango. Njia yetu inashuka hadi panda. Kushoto ni kanisa na makaburi, kulia ni barabara ya Galway. Tulipokaribia panda alianza kuhema, vidole vikikamua kitasa. Nikakata kulia. Akashusha pumzi ndefu hadi kioo kikafanya ukungu, akageuka kutazama nyuma kama tela limefuata. Maskini, nilijiambia, hataki kupita kaburini kwa baba. Nikajisifu moyoni kwa kumwelewa mdogo wangu.

Njia nzima nilizungumza peke yangu. Nilimweleza kuhusu Bangor, dirisha langu, shakwe wanaoiba chips mikononi mwa watu. Colman alitazama kioo cha pembeni, mahali ambapo masikio ya Báinín yalionekana. Sandwichi alizofungiwa na Sabina zilikaa mapajani mwake, hakuzigusa.

Bandarini walituelekeza kando, kwenye kibanda cha ukaguzi wa mifugo. Alitoka mwanamume wa makamo, mwenye koti la njano na kibandiko cha jina kifuani: Ultan. Alikuwa na mafua. Alitusalimia, akaomba pasi, akafungua mlango mdogo wa tela. Nilimpa kitabu cha Sióg na kusimama kwa namna ninayosimama mbele ya familia za wagonjwa, mikono imetulia, uso umetulia.

Alisoma. Akamtazama Báinín. Akasoma tena.

"Ana miaka ishirini na sita," alisema.

"Ndiyo."

Aliingiza mkono, akamfunua Báinín mdomo kwa ufundi, akachungulia. "Meno ya kigoli."

"Ametunzwa vizuri."

"Nami ningetaka kutunzwa hivyo." Alipenga kamasi, akatoa mfukoni kifaa cha kusomea chipu, akakipitisha shingoni kwa Báinín upande wa kushoto. Nilikuwa naomba Mungu, mimi ambaye siendi kanisani ila kwa maziko. Kifaa kikalia. Mlio mdogo tu, kama wa saa ya jikoni.

"Kitabu chako hakina namba," alisema Ultan, "lakini shingo inayo."

Aliingia kibandani. Nilimwona kupitia kioo akipiga simu, akiandika, akinitazama. Malori yalikuwa yakipanda melini moja moja. Aliporudi hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Farasi huyu anaitwa Báinín. Mwenye mali ni Festus Mannion. Festus Mannion ni nani?"

"Baba yangu."

"Yuko wapi nizungumze naye?"

"Tumemzika majuzi."

Alivua kofia yake ya sufu, akasema pole, akaivaa tena. "Na huyu wa kitabuni?"

"Mama wa huyu. Naye alikufa."

"Kwa hiyo unamsafirisha aliye hai kwa pasi ya marehemu." Alisugua macho. "Unajua ninachotakiwa kufanya."

Nilimwomba. Sijui nilisema nini chote. Nilimwambia habari za makao ya Galway na bustani yake, zamu ya Jumatatu, kiti mbele ya zizi. Nilisema kwa sauti ya chini ili Colman asisikie, lakini dirisha la gari lilikuwa wazi. Nilimshika mkono wa koti. Sijawahi kumshika mgeni koti maishani mwangu. Nilimwambia kama akitugeuza basi amenimalizia mdogo wangu.

"Dada," alisema, "nikikupitisha hapa, upande wa pili watamsoma shingo kama nilivyomsoma, na huko watamshikilia. Si mimi. Farasi na pasi yake hawatengani, ndiyo sheria. Hata kurudi nyumbani hivi ni kosa. Pale ilipo pasi yake, ndipo anapotakiwa kuwepo."

Mlango wa gari uligonga kibanda kwa jinsi ulivyofunguliwa.

Colman alikuja akikimbia. Hakumshambulia mtu. Alisimama kati ya Ultan na tela, akatandaza mikono kama alivyokuwa akifanya zizini, na mdomo wake ukawa unafunguka na kufungika. Kisha sauti ikatoka, kavu na nene kutokana na kukaa kimya.

"Msimzike."

Hatukumwelewa. Ultan alinitazama.

"Msimpeleke kwa baba. Yuko hai. Anakula. Msimzike."

"Nani amesema azikwe?" nilimwuliza. "Colman, nani amekwambia?"

"Sheria." Mikono yake ilikuwa bado imetanda. "Pasi ilipo, farasi yupo. Baba kasema. Kila safari baba anasema. Pasi iko kwa baba."

"Kwa baba wapi?"

Alinitazama kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa kitu ambacho alishakijibu mbele ya kijiji kizima. Akainua mkono akaniwekea kiganja kifuani, upande wa kushoto, akapapasa kidogo. "Baba anawasha gari. Anauliza, 'Pasi?' Mimi nagusa hapa. Nasema, 'Ipo.' Tunakwenda." Mkono wake ulikuwa wa baridi juu ya koti langu. "Niligusa. Ilikuwepo. Mkaweka udongo."

Ule ulikuwa utaratibu wao wawili, wa miaka ambayo mimi sikuwapo. Koti la maonyesho ndilo koti la safari, na mfuko wa ndani wa kushoto ndio makao ya pasi, na Sabina aliyefunga vifungo hakuingiza mkono kwa sababu kwetu mfuko wa marehemu ni wake. Watu thelathini tulisimama tukamsikia Colman akisema ipo, na ilikuwepo, na tukaisalia rozari.

Na siku zote zile alikuwa amekaa mvuani mbele ya zizi akitungoja tuje na kamba. Si kwamba hakutaka kuondoka. Alikuwa analinda. Kwa akili yake, sheria ilikuwa wazi: pasi imeshuka kaburini, basi farasi ataifuata, na mimi nilikuwa kila siku namwuliza iko wapi, iko wapi, na yeye anafumba mdomo kwa kuwa akinijibu tu, atakuwa amemwua Báinín. Nami nilimtikisa mabega. Nilimtishia.

Ultan ndiye aliyesema. Aliinama kidogo, mikono magotini, akamtazama Colman usoni.

"Bwana Colman, mimi ndiye sheria hapa. Unaliona hili koti?"

Colman aliliangalia koti la njano kwa makini.

"Farasi aliye hai hazikwi. Hakuna sheria ya hivyo, wala haitakuwepo. Pasi ikizikwa, imekufa yenyewe. Anatengenezewa nyingine."

"Nyingine?"

"Mpya. Inachukua muda tu."

"Na ile ya baba?"

"Baba abaki nayo. Simdai."

Colman alishusha mikono, mmoja, kisha wa pili. Akageuka, akaegemeza paji la uso kwenye ubao wa tela, na Báinín akampulizia shingoni kupitia tundu.

Meli ikapiga honi ya kwanza. Ultan alinivuta kando, akanieleza kwa sauti ya kikazi, na namshukuru kwa sauti ile. Kitabu cha Sióg atakichukua, kirudi kinakostahili. Kuhusu Báinín, kuna njia mbili. Kuna zizi la ukaguzi si mbali na bandari, anaweza kuachwa hapo wiki hizo nane mpaka pasi itoke, sisi tuvuke leo. Au ataniandikia kibali cha kumrudisha alikotoka, cha safari moja tu, na huko akae asitoke.

Njia ya kwanza ilikuwa nzuri. Ningefika kazini Jumatatu. Nilikwenda kwa Colman nikasimama ubavuni pake.

"Tukimwacha hapa kwa muda? Wapo watu wa kumlisha. Tutamfuata baadaye, pasi ikitoka."

Alifikiri. Hakukataa, na hilo ndilo lililoniuma. Alifikiri kweli kweli, kwa ajili yangu, uso umekunjamana.

"Nani atamwangalia?" akauliza.

Nilisikia sauti ya baba ndani ya maneno yale, lile jibu la simu la miaka kumi na minne, na kwa mara ya kwanza sikusikia kwamba ananikataa. Alikuwa anauliza tu. Alikuwa na vitu viwili visivyoweza kuachwa, mwana na mnyama wa mwana, na hakuwa na mtu wa kumwachia, na aliyekuwa anamwuliza ni mimi.

Nilirudi kibandani. Ultan alikuwa ameshaanza kuandika kibali. Alisoma namba ya chipu kwa sauti, akaandika rangi, akaandika jinsia. "Mahali atakapokaa?" Nikataja nyumba yetu. "Mtunzaji?"

Kalamu ikangoja. Simu yangu ilikuwa ikitetemeka mfukoni, nami nilijua ni Bangor, wakitaka uhakika wa Jumatatu. Nilifikiria dirisha langu, na bibi wa chumba cha mwisho asiyekula mpaka nimshikie mimi kijiko. Nilifikiria majira ya baridi kwetu, mvua inavyokuja kwa ubavu, Sabina akiingia bila kubisha hodi. Sikutaka. Nataka ieleweke kwamba sikutaka.

"Bairbre Mannion," nilisema, na ilibidi nimtajie herufi moja moja.

Aliponikabidhi karatasi alisema, "Mwendeshe polepole, upepo umeanza." Kisha akapenga kamasi na kwenda kwenye lori lingine.

Garini, Colman alikuwa ameshafungua sandwichi. Alikula ya kwanza bila kupumua, akala ya pili, akanipa kipande cha tatu, kilichobonyea. Meli ilikuwa ikifunga mdomo wake wa nyuma. Tuliitazama, yeye akitafuna, mimi nimeshika usukani wa gari lisilowashwa. Sikujua nitamwambia nini mwanamke wa ustawi, wala tutakula nini ifikapo Machi. Sikujua hata kama paa litavumilia.

Nilipoweka ufunguo, Colman aliacha kutafuna. Alikaa wima, mikono mapajani, akingoja. Nikaugeukia uso wake, nikaona anangoja nini.

"Pasi?" nilimwuliza.

Alinyoosha mkono, akaweka kiganja kifuani pangu upande wa kushoto, akapapasa kwa uangalifu, akaenda chini, akarudi juu.

"Haipo," akasema.

"Baba akiambiwa haipo, anafanyaje?"

"Anazima gari. Anarudi ndani kuitafuta."

Nyuma yetu Báinín alipiga teke moja kwenye ubao. Mkono wa Colman ulikuwa bado kifuani pangu, alikuwa hajautoa.

"Nasi tunarudi nyumbani," nikamwambia, nikawasha gari.